Shajara ya Mradi: Bomba la Ndani katika Dohani ya Mawe, Wete

Desemba, mvua za vuli zikimalizika

Dohani ya chumba cha jiko katika nyumba yetu ya Wete ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, imejengwa pamoja na ukuta wa nyuma, na tangu ijengwe imekuwa ikipokea moshi wa mafiga yaliyopangwa chini ya mdomo wake. Familia imekubaliana kwamba mafiga yaondoke na mahali pake liwekwe jiko la chuma lenye mlango, lenye mashimo mawili ya kupikia juu na tanuri ndogo ubavuni, kwa kuwa shangazi na mke wangu hupika mikate ya kumimina na mikate ya ufuta ya kuuza, na katika mwezi wa Ramadhani kazi hiyo huanza adhuhuri na haimaliziki mpaka karibu na Magharibi. Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua kwa nini dohani yenye upana ule inashindwa kuvuta moshi, kwa sababu jiko jipya likifungwa kwenye dohani mbovu litatoa moshi ule ule kupitia mlango wake.

Malalamiko ya jikoni ni ya muda mrefu. Moshi hupanda kiasi, kisha hugeuka na kurudi chumbani, hasa asubuhi na siku za mvua, na aliyekaa mbele ya moto hukohoa na kutokwa na machozi mpaka chakula kiive. Silichukulii jambo hili kuwa dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na moto wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na wanaoivuta kwa wingi ni wanawake pamoja na watoto wanaokaa karibu nao. Shangazi ameivuta tangu alipokuwa mtoto anayetumwa kuchochea moto wa bibi.

Nilipoingiza tochi na kutazama juu, niliona kuwa lipu ya ndani imebanduka mapande mapande, na chokaa baina ya mawe imelegea kiasi kwamba ukiikwaruza kwa kidole inamwagika kama mchanga. Upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha kulala, kuna madoa ya rangi ya chai yanayorudi kila baada ya kupaka rangi. Sababu yake si uzee peke yake. Moshi wa kuni una mvuke wa maji na asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, na mtu yeyote aliyewahi kumwaga siki au ndimu juu ya chokaa ameona jinsi inavyotoa povu na kulika. Kila mahali ambapo moshi ulipoa na kugeuka kuwa matone, asidi hiyo ilikaa juu ya chokaa na kuila, kisha maji meusi yakapenya ukutani na kutokea upande wa pili.

Kuna hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Masizi yenye mafuta mafuta, ile lami nyeusi inayong'aa, hushika moto, na moto wa masizi ndani ya dohani unaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hapa Pemba hakuna mtu mzima asiyejua namna tanuu la chokaa linavyofanya kazi: mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo, yakachomwa, na yanapofikia nyuzi 900 hivi hugeuka kuwa chokaa mbichi, ambayo ikimwagiwa maji hupata moto, huvimba na kuvunjika kuwa unga. Dohani ya matumbawe ikipatwa na moto wa masizi, ukuta wenyewe unaweza kuchomeka namna hiyo hiyo kwa upande wa ndani, na mvua ya kwanza itakayofuata itaumalizia. Baada ya kulitafakari hilo niliamua kwamba kupiga lipu mpya ndani hakutoshi, na kwamba dohani hii itawekewa bomba la ndani la chuma, kuanzia jikoni mpaka juu ya paa.

Wiki ya kupima

Shangazi aliposikia kuwa bomba litakuwa na kipenyo cha milimita 150 tu, alisema: "Mwanangu, dohani ile ni pana kama kisima na moshi haupiti, wewe unataka kuutilia kwenye mrija?" Ni swali la haki, na nadhani ndilo swali ambalo kila mtu mwenye dohani ya zamani atajiuliza, kwa hiyo naliandikia maelezo kamili.

Ndani, dohani ina upana wa sentimita 30 kwa 30, yaani sentimita za mraba 900. Bomba la milimita 150 lina sentimita za mraba 177. Kwa moto ule ule na moshi ule ule, moshi ndani ya dohani tupu hupanda kwa kasi ndogo mara tano kuliko ndani ya bomba, na muda wote huo unagusa mawe mazito yaliyo baridi na yenye unyevu, unayapa joto lake, na wenyewe unapoa. Moshi uliopoa hauna nguvu ya kupanda. Kinachouinua moshi si upana wa njia, bali ni tofauti ya uzito baina ya hewa ya moto iliyo ndani na hewa ya kawaida iliyo nje, ikizidishwa kwa urefu wa dohani.

Nilipiga hesabu ya dohani yetu, ambayo kutoka juu ya jiko mpaka kileleni ni mita 5.5. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30, ambayo ni hali yetu ya kila siku wakati wa kaskazi, na moshi ukiwa na wastani wa nyuzi 200 njia nzima, mvuto wake, yaani nguvu inayouinua moshi, ni karibu paskali 22 (paskali ni kipimo cha shinikizo la hewa). Moshi ule ule ukipoa mpaka wastani wa nyuzi 80, mvuto unashuka hadi karibu paskali 9. Majiko mengi ya kuni yenye mlango hutengenezwa kwa kutegemea mvuto wa paskali 12 hivi, na hapo bado msuguano wa moshi kwenye kuta haujatolewa. Ina maana kwamba dohani ile ile inaweza kufaa au kutofaa kwa sababu ya joto la moshi peke yake.

Kuna jambo ambalo watu wa nchi za joto tunapaswa kulitilia maanani zaidi. Katika nchi ambako nje kuna nyuzi sifuri, dohani ya urefu huu yenye moshi wa nyuzi 200 ingevuta karibu paskali 30. Sisi tunaanza tukiwa tumepungukiwa na robo ya nguvu hiyo kwa sababu hewa yetu ya nje ni nyepesi tayari. Maelezo mengi kuhusu mabomba ya dohani yameandikwa kwa ajili ya watu wa baridi, na huyataja mavazi ya kuhifadhi joto yanayovishwa bomba kuwa ni kinga dhidi ya majira ya baridi. Msomaji wa Pemba anaweza kudhani kwamba hayamhusu. Kwa hesabu hii yanamhusu sana, kwa kuwa hatuna ziada ya mvuto ya kupoteza.

Kipenyo cha bomba hakikuchaguliwa kwa kukisia. Bomba lazima lilingane na mdomo wa jiko, na halipaswi kupunguzwa mahali popote njiani. Kwa kuwa jiko linatengenezwa hapa hapa mjini na fundi wa kuchomelea, tulikubaliana naye mapema kwamba mdomo wake uwe wa milimita 150.

Boriti ndani ya ukuta

Kabla ya kuagiza bomba nilihitaji kujua kama njia imenyooka. Bomba la vipande vigumu halipindi, kwa hiyo dohani yenye kiwiko hailikubali. Tuliteremsha timazi kutoka kileleni, kisha tukateremsha kigogo cha mbao cha duara chenye upana wa sentimita 22, ambao ni upana wa bomba likiwa limevishwa pamoja na nafasi kidogo ya ziada. Timazi ilishuka bila kugusa. Kigogo kilikwama chini kidogo ya paa.

Kilichokizuia upande mmoja kilikuwa jiwe lililochomoza, na hilo liliondolewa kwa patasi. Upande wa pili palikuwa na kitu kilichonitia wasiwasi zaidi: kichwa cha boriti ya mkoko, mojawapo ya zile zinazobeba dari, kilichochomekwa ndani ya ukuta wa dohani mpaka karibu kabisa na njia ya moshi, huku kikifunikwa na lipu tu, na lipu hiyo imeshabanduka. Ncha ya boriti ilikuwa nyeusi, na nilipoikwangua nilikuta weusi huo umeingia ndani ya mti.

Ami yangu, ambaye alikuwa mwashi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alieleza kwamba waashi wa zamani walilaza boriti popote ukuta ulipokuwa mnene, na ukuta wa dohani ulikuwa mnene kuliko yote. Kwa moto mdogo wa mafiga, ambao moshi wake ulifika juu ukiwa umepoa, boriti zilidumu. Jiko lenye mlango ni jambo jingine, kwa sababu moshi wake ni wa moto zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Mti unaopashwa joto mwaka baada ya mwaka hubadilika taratibu kuwa mkaa, na mkaa huo hushika moto kwa joto dogo kuliko mti mpya. Kanuni za ujenzi za Uingereza, ambako dohani zimeungua kwa karne nyingi na watu wakajifunza, zinataka mti uwe mbali kwa milimita 200 au zaidi kutoka uso wa ndani wa njia ya moshi. Nimeichukua hiyo kuwa kanuni ya kazi yetu.

Hapa sikutaka kushika msumeno mwenyewe, kwa kuwa boriti ile inabeba uzito. Seremala aliweka nguzo za muda chini ya dari, akafunga boriti mpya ya kukingama baina ya boriti mbili za jirani, akaikalisha ile iliyoungua juu yake, ndipo akaikata kichwa na kukitoa ukutani. Tundu lililobaki ami alilijaza kwa mawe na chokaa. Hakutumia saruji, na nakubaliana naye: saruji ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa, hivyo maji yanayoingia ukutani hukwama nyuma yake na kulilegeza jiwe.

Yeyote atakayetaka kufanya kazi kama hii katika nyumba ya mawe, namsihi aitafute miti iliyofichwa ukutani kabla ya kununua hata kipande kimoja cha bomba.

Januari, kuchagua chuma

Mabomba laini yanayopinda, ambayo hutumika sana ng'ambo kwa kazi hii, sikuyaona katika maduka ya Wete wala ya Chake Chake, na dohani yetu iliyonyooka haiyahitaji. Fundi bati alishauri bati lililopakwa zinki kwa kuwa ni rahisi na lipo. Nililikataa kwa sababu mbili. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, joto ambalo bomba lililo karibu na jiko linaweza kulifikia, na asidi ya moshi huila hata kabla ya hapo. Baada ya misimu michache tungebaki na bomba lenye matundu ndani ya ukuta ambao hakuna anayeuona.

Kwa hiyo ni stenlesi. Lakini stenlesi si aina moja, na katika kisiwa jambo hili lina uzito wake. Aina ya bei ndogo, 430, hushikwa na sumaku na hupata kutu mapema. Aina ya 304 ndiyo iliyoenea, na ni nzuri, ila chumvi huitoboa vitundu vidogo vidogo. Aina ya 316 imeongezwa metali iitwayo molibdenamu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Sumaku itakutofautishia 430 na nyingine, lakini haitakutofautishia 304 na 316, kwa hiyo ni lazima kudai hati ya kiwandani inayofuatana na bati. Tulilipata bati la 316 lenye unene wa milimita 1 huko Dar es Salaam, likaja kwa meli, na bei yake ilizidi ya 304 kwa kiasi kilichotufanya tukae tena kama familia na kujadiliana.

Nilichosema katika kikao kile ni kwamba chumvi haitatoka baharini tu. Inatoka pia ndani ya moto. Makumbi ya nazi yana kloridi, ambayo ni sehemu ya chumvi, kwa asili yake, na yale yaliyofukiwa matopeni pwani kwa ajili ya usumba (nyuzi za kusokotea kamba) yamelowa chumvi; vivyo hivyo mbao za vyombo vikuukuu vilivyovunjwa ufukweni na magogo yanayoletwa na mawimbi. Kuni za namna hiyo zikiungua, chumvi yake hupanda na moshi na kukaa juu ya chuma. Tulikubaliana mambo mawili kwa pamoja: tununue 316, na jiko jipya lisitiwe kuni zilizogusa maji ya bahari. Litatiwa mivinje, matawi ya miembe na vifuu vilivyokauka.

Fundi bati alikunja vipande vya mita moja moja, vyenye uzito wa kilo 4 kasoro kila kimoja, na mshono wake ukachomelewa kwa gesi ya agoni. Weusi na rangi za samawati zinazobaki kando ya mshono zilisuguliwa mpaka chuma kikarudi kung'aa, kwa sababu mahali hapo ndipo kutu huanzia. Kila kipande kilibanwa ncha moja ili kiingie ndani ya mwenzake.

Kusafisha

Tulifagia dohani kutoka juu kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye mti mrefu, na mdomo wa chini ukiwa umefunikwa kwa turubai. Masizi ya zamani yote lazima yatoke, hata yale yatakayobaki nyuma ya bomba, kwa kuwa yanaweza kushika moto huko huko yaliko. Vumbi lake linadhuru mapafu; barakoa ya kitambaa haitoshi, inahitajika ile ngumu ya kuchujia.

Kuteremsha bomba

Tulianza baada ya sala ya Alfajiri, kabla mabati ya paa hayajapata jua, kwa sababu wakati wa kaskazi hayakanyagiki ifikapo saa nne. Jukwaa la miti lilifungwa kuzunguka kilele cha dohani na ngazi ikakazwa kwa kamba juu na chini. Ami alikaa chini kwenye mdomo wa dohani, mimi na shemeji tukawa juu.

Upande wa kuelekeza vipande ndilo jambo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote katika sehemu hii. Ncha iliyobanwa ya kila kipande hutazama chini na kuingia ndani ya kipande kilicho chini yake. Mtu aliyezoea kufunga mifereji ya mvua au bati la paa anaweza kudhani kuwa moshi unaopanda utatoroka kwenye maungio hayo, na akatamani kuyageuza. Lakini moshi unavutwa ndani, hausukumwi nje; kinachotoroka ni maji meusi yanayoshuka kwa ndani pale moto unapokuwa mdogo. Ncha zikitazama chini, maji hayo hubaki ndani ya bomba mpaka yafike jikoni na kuungua. Zikitazama juu, kila ungio huyamwaga nje, juu ya pamba ya mawe inayolivisha bomba na juu ya chokaa, na tumerudi kule tulikotoka.

Kila ungio lilipakwa saruji ya moto, yaani ile inayostahimili joto kali, na kufungwa kwa riveti tatu za stenlesi zilizogawanywa sawasawa kwa mzunguko. Riveti za alumini, ambazo ndizo zinazouzwa kila duka, hazifai hapa, kwa kuwa alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na moto mmoja wa masizi ungeziyeyusha na kuviacha vipande vikining'inia.

Bomba lilivishwa blanketi la pamba ya mawe la unene wa milimita 25, likafungwa kwa waya wa stenlesi kila baada ya sentimita 30 hivi. Pamba ya mawe hustahimili joto linalozidi nyuzi 1,000; ile ya kioo, inayofanana nayo machoni, haifiki huko, na muuzaji asiyeijua tofauti anaweza kumpa mtu yoyote kati ya hizo. Vipande viliungwa kimoja kimoja juu ya kilele: cha kwanza kikateremshwa kwa kamba ya katani mpaka kikabaki kidogo juu, cha pili kikachomekwa, kikafungwa na kuvishwa, kisha vyote vikateremshwa pamoja. Ami alikuwa akiita kila mara kutoka chini kuthibitisha kwamba blanketi halijakwaruzwa na jiwe. Jiwe lile tulilolichonga lilipitwa bila kugusa.

Bomba zima linaning'inia kutoka juu. Sahani ya stenlesi imelazwa juu ya kilele cha dohani, na kola iliyokazwa kwa bolti inalishika bomba juu ya sahani hiyo. Upande wa chini haukukazwa, na hilo limefanywa kwa makusudi: stenlesi ya aina hii ikipanda joto kwa nyuzi 200, bomba la mita 5.5 hurefuka kwa karibu milimita 18. Likikazwa juu na chini litajipinda au litang'oa sahani. Kwa hiyo ncha ya chini inaingia kwenye mdomo wa jiko na kuteleza humo, na nafasi iliyobaki imejazwa kamba ya nyuzi za kioo isiyoungua.

Kilele kinatoka juu ya paa kwa zaidi ya mita moja. Kanuni inayotumika Marekani ni kwamba dohani izidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Sehemu yetu ya kwanza ilitimia, lakini tawi la mwembe lilikuwa ndani ya umbali huo na juu kuliko kofia, na upepo wa kusi ungeshuka kutoka kwake na kuusukuma moshi chini. Tawi limekatwa na litakuwa kuni za mwakani. Kofia ya mvua imewekewa wavu wa kuzuia ndege, wenye macho makubwa ya kupitisha kidole, kwa sababu wavu mwembamba huzibwa na masizi upesi na moshi hukosa pa kutokea.

Kufunga jiko

Mafiga yametolewa na sakafu imeinuliwa kwa tofali za kuchoma. Mdomo wa zamani wa dohani umefungwa kwa bamba la chuma lililoachwa tundu la bomba na mlango mdogo wa kusafishia. Sehemu ya bomba inayoonekana chumbani haina blanketi, kwa hiyo kabati la mbao la vyombo lililokuwa karibu limehamishwa. Mti wowote unapaswa kuwa mbali kwa milimita 450 au zaidi kutoka bomba la ukuta mmoja la kipenyo hiki. Mke wangu alitaka kabati lile libaki karibu na mkono, na ilibidi tupime pamoja mpaka tukapata mahali panapomfaa na panapokidhi umbali.

Kifaa cha kupimia joto chenye sumaku hakishiki kwenye stenlesi hii. Kimewekwa kwenye shingo ya jiko, ambayo ni chuma cha kawaida. Vilevile tumefunga ukutani king'ora cha kaboni monoksaidi. Hewa hiyo ni sumu, haina harufu wala rangi, na jiko lenye mlango linalofungwa wakati moto bado unafukuta huitoa kwa wingi. Katika chumba ambacho watoto hulala mchana sikuwa tayari kukikosa.

Mwishoni mwa Shaaban, moto wa kwanza

Kabla ya kuwasha kuni, shangazi alileta chetezo chenye ubani na kukishika mbele ya mlango wa jiko. Ni kipimo bora kuliko nilivyofikiri: moshi wa ubani ulisita, ukainama, kisha ukaingia jikoni, na ami aliyekuwa nje akasema harufu imefika juu. Hapo jiko lilikuwa bado baridi. Tulipolipasha bomba kwa makuti makavu machache na kurudia, moshi wa ubani ulivutwa moja kwa moja.

Moto wa kwanza ulikuwa mdogo, wa kukausha saruji ya moto na kuunguza mafuta ya kiwandani, nao ulitoa harufu kali kwa muda, madirisha yakiwa wazi. Siku iliyofuata tuliwasha moto wa kupikia. Shingo ya jiko ilifika nyuzi 200 na kukaa baina ya 180 na 220 kwa muda wote wa kupika, ndani ya kiwango cha nyuzi 120 hadi 240 kinachohesabiwa kuwa salama: chini ya hapo lami huganda bombani, na juu ya hapo joto na kuni hupotea. Mlango ulipofunguliwa kutia kuni, moshi haukutoka. Upande wa pili wa ukuta nilioweka kiganja ulikuwa na uvuguvugu mdogo tu.

Shangazi alikaa mbele ya jiko mpaka mikate ilipoiva, na macho yake yalikuwa makavu. Aliniambia nimwonyeshe tena namna kidirisha cha hewa kinavyofunguliwa, akakijaribu mwenyewe mara kadhaa, kisha akaniomba niondoke ili apate nafasi ya kufanya kazi.

Ramadhani

Jiko limetumika kila siku. Kuni zimepungua kwa kiasi kinachoonekana kwenye tita, ingawa sikuzipima. Jambo lililohitaji uangalizi ni ukavu wake. Kuni zinazofaa zina unyevu usiozidi asilimia 20, na kwa kuwa hatuna chombo cha kupimia, tunapima pande moja kwenye mizani ya duka kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, tita lile liko tayari. Kuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake, moshi hupoa, na hesabu yote ya paskali inaharibika. Banda la kuni limeezekwa upya na kuachwa wazi pande mbili ili upepo upite.

Baada ya mvua za kwanza za masika

Nilisubiri mvua kubwa kabla ya kuandika kwamba kilele hakivuji. Imenyesha usiku kucha, na asubuhi nilifungua mlango wa kusafishia: ndani ni pakavu, na chini palikuwa na masizi makavu ya rangi ya kahawia, yanayopeperuka yakipulizwa. Niliteremsha brashi ya nailoni kutoka juu. Kilichotoka kilikuwa kidogo, na popote bombani hakikufikia unene wa milimita 1. Kiwango cha kulazimisha kusafisha ni milimita 3. Hata hivyo tutasafisha angalau mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu siku za unyevu ndizo zinazogandisha lami.

Madoa ya chumba cha kulala hayajapakwa rangi. Ukuta bado una maji meusi ya miaka mingi ndani yake na unahitaji kuyatoa. Lipu ya nje ya kilele nayo inasubiri, kwa kuwa chokaa inayopigwa wakati wa mvua huoshwa kabla ya kushika. Chokaa imeshalowekwa kwenye pipa nyuma ya nyumba, na ami anataka ikae humo mpaka masika yaishe. Kazi ya lipu itaanza upepo wa kusi utakapotulia.